Kuondoka si kutelekeza: kibanja, ndoa na watoto mbele ya sheria ya Uganda

Binti Walukuba (mwanzisha uzi), Jinja

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Jinja. Si wakili. Nawaandikia watu barua, nawasindikiza kwa mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) au kwa afisa wa probesheni (afisa wa ustawi wa watoto na familia), na mambo yakizidi nawaunganisha na mawakili wanaosaidia bila malipo. Lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Ametelekeza." Ametelekeza kibanja, ametelekeza mke, ametelekeza watoto, ametelekeza kazi. Nikiuliza maswali mawili matatu, mara nyingi naona mtu huyo hakutelekeza kitu, aliondoka tu. Na anayelalamika tayari ameshaita dalali, au ameshaingiza mtu mwingine ndani ya nyumba.

Hoja yangu ni kwamba sheria yetu haimhesabu mtu kuwa ametelekeza kwa sababu tu hayupo. Inauliza kama aliondoka kwa hiari, kama alikusudia kuachana na kile alichokiacha, alimweka nani badala yake, na muda gani umepita. Mtaani tunauliza jambo moja tu, yuko wapi, na akikosekana tumeshamhukumu. Watu wanapoteza ardhi kwa hukumu hiyo ya mtaani, na wanawake wengi wanapoteza heshima yao.

Nianze na ardhi, maana ndiko damu inakomwagika. Ukivuka daraja la Nile kutoka hapa kwetu kuelekea Njeru na Buikwe unaingia Buganda, nchi ya mailo, yaani umiliki wa ardhi wa kudumu wenye hati. Huko kipande kimoja cha ardhi kina watu wawili wenye haki: mwenye kyapa, ambaye jina lake liko kwenye hati, na mwenye kibanja, ambaye anakaa, analima, na analipa busuulu, yaani kodi ya ardhi, kila mwaka. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mwenye kibanja. Lakini ndani ya sheria hiyohiyo kuna kifungu kinachosema kwamba mwenye kibanja akikitelekeza kwa hiari yake, haki yake ya kukikalia inakwisha. Wenye kyapa wengi na madalali wao wanakijua kifungu hiki nusu. Wanachokariri ni "miaka 3".

Kisomeni chote. Kinasema mtu atahesabiwa kuwa ametelekeza ikiwa ameiacha ardhi yote bila kuangaliwa na yeye mwenyewe, wala mtu wa familia yake, wala wakala aliyemruhusu, kwa miaka 3 au zaidi. Kwa hiyo dada aliyekwenda kyeyo (kazi za nje) Dubai, akamwachia mdogo wake migomba aipalilie, hakutelekeza hata akikaa huko miaka 10. Mzee aliyehamia kwa mwanawe Kampala kwa ajili ya matibabu, akaacha jirani anavuna kahawa kwa idhini yake, hakutelekeza. Na kifungu kinasema ardhi yote. Ukiacha nusu imeota kichaka na nusu nyingine ina mihogo yako, bado upo.

Sasa niambieni, ni wangapi kati yetu waliwahi kusomewa maneno hayo kabla ya kuambiwa "umeshapoteza, nenda"?

Dereva wa Malaba

Dada, uzi mzuri, ila nitetee upande wa pili kidogo. Mjomba wangu ana kyapa kule Mukono. Kuna mtu kibanjani kwake amepotea, busuulu halipi, simu haipatikani, vijana wa bangi wamegeuza pale maskani yao. Mjomba afanye nini, asubiri mpaka kiama? Mwenye ardhi naye ni mtu.

Binti Walukuba

Ndugu yangu, mjomba wako ana haki, na sheria imempa njia. Kuhusu busuulu, mwenye kibanja asipolipa kwa zaidi ya miaka 2, mwenye ardhi anaruhusiwa kumpa ilani rasmi ya kumtaka aeleze kwa nini haki yake isikomeshwe. Tangu marekebisho ya 2010 ni mahakama tu inayoweza kutoa amri ya kumwondoa mwenye kibanja, na sababu inayokubalika ni kutolipa busuulu. Greda la usiku haliruhusiwi, na barua ya dalali haitoshi.

Kama mjomba anadai kwamba mtu huyo ametelekeza, basi athibitishe. Awaulize majirani na mwenyekiti wa LC ni lini mtu huyo alionekana mara ya mwisho, nani anavuna pale, kama kuna mke au mtoto aliyebaki. Mara nyingi hapo ndipo kesi inapovunjika, kwa sababu mama mkwe yupo kwenye kijumba cha nyuma na wala hakuna aliyejisumbua kumhesabu.

Dereva wa Malaba

Nimekuelewa. Basi nikupe na la kazini. Januari 2022, ile foleni ya vipimo vya korona hapa mpakani, malori yalipanga mstari hadi mtu unasahau siku. Nilikwama upande wa Kenya, simu ikaisha chaji, na kuchaji ni hela. Kufika Kampala, bosi ananiambia umetelekeza kazi, nafasi imepata mwingine. Sikupewa hata dakika ya kueleza. Hiyo nayo ni haki?

Binti Walukuba

Pole sana kaka. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mwajiri kabla hajamfukuza mfanyakazi kwa kosa ni lazima amweleze kosa lenyewe kwa lugha anayoielewa, na amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu wa kumsimamia. Kutoonekana kazini ni jambo la kuelezwa, na foleni ya mpakani ni maelezo tosha. Ulitakiwa kwenda kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi 3. Nawaomba wengine wanaosoma hapa waushike muda huo, maana watu wanakuja kwangu mwaka umeshapita.

Mzee wa Bombo

Binti, nimeusoma uzi wako mpaka macho yakaniuma. Nataka kusema kitu kuhusu hilo neno hiari.

Sisi Wanubi wa Bombo tunajua kuambiwa kwamba tulitelekeza. Aprili 1979 Kampala ilipoanguka na utawala wa Amin ukaisha, mtu wa jamii yetu, iliyohesabiwa kuwa upande wa Amin, hakuhitaji kuwa askari ili auawe, ilitosha kuwa na chale au kuitwa Juma. Tulitoka usiku. Wengine walivuka kwenda Sudan, wengine Zaire, na kina mama wamebeba watoto na Korani tu. Tuliporudi miaka ya themanini kuelekea mwishoni, tulikuta watu ndani ya nyumba zetu. Walikuwa wanapika kwenye majiko yetu. Ukibisha hodi unaambiwa: "Ninyi mlikimbia, mkaacha." Baba yangu alifariki akiwa mpangaji kwenye mtaa ambao alijenga kwa mikono yake.

Na nitasema jambo ambalo wengine katika jamii yangu hawapendi kulisikia. Miaka 7 kabla ya hapo, Agosti 1972, Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba zao nazo watu waliingia, na maneno yalikuwa yaleyale, kwamba wameondoka. Nilikuwa kijana, sikuona ubaya wake. Nilikuja kuuona nilipokuwa mimi ndiye niliyesimama nje ya mlango.

Binti Walukuba

Marahaba... hapana, shikamoo mzee wangu. Nimekaa na ujumbe wako muda mrefu kabla ya kujibu.

Uliyoyasema ndiyo kiini cha jambo lote. Mtu anayekimbia kifo hajatelekeza. Kifungu cha kibanja nilichokitaja juu kinaanza na sharti la hiari, na neno hilo halikuwekwa pale kwa mapambo. Nchi hii imehamisha watu kwa nguvu kila upande: Waasia 1972, jamii za West Nile na Wanubi 1979 na 1980, watu wa Luwero kati ya 1981 na 1986, na kisha Acholi na Lango, ambako vita vya waasi wa LRA viliwaingiza watu wapatao milioni 1.8 kambini vilipofikia kilele. Huwezi kuchukua mtu ambaye jeshi la serikali lilimwamuru aingie kambini, ukahesabu miaka aliyokaa kambini kama miaka ya kutelekeza shamba lake.

Hapa Jinja ukitembea Main Street bado unaona majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi juu ya mapaa ya maduka. Serikali ya Amin iliyakabidhi kwa Bodi ya Wadhamini wa Mali za Waasia Walioondoka. Baadaye Bunge lilipitisha sheria ya 1982, ikaanza kutumika 1983, iliyofuta mauzo na ugawaji uliofanywa juu ya mali hizo na kuwafungulia wenyewe mlango wa kuzidai. Wengi walirudishiwa miaka ya 1990. Migogoro haijaisha, na 2019 COSASE, kamati ya Bunge inayokagua mashirika ya umma, ilikuwa bado inachunguza nani alichukua nyumba gani na kwa karatasi zipi. Lakini angalau kanuni iliandikwa: aliyefukuzwa hakutelekeza.

Mzee, kuna upande mchungu ambao lazima niueleze ili watu wajilinde. Sheria ya Ardhi inamtambua pia mtu aliyekalia ardhi kwa nia njema, yaani aliyekaa na kuitumia miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila kupingwa na mwenye ardhi aliyesajiliwa. Katiba ilianza kazi tarehe 8 Oktoba 1995. Hesabu nyuma, utafika Oktoba 1983. Aliyeingia 1979 na asipingwe na yeyote, ana kitu cha kusema mbele ya hakimu. Mzigo unaangukia kwenye kupinga. Barua moja kwa chifu, shauri moja kwenye baraza, hata shahidi anayesema "huyu mzee alikuja akadai mwaka fulani", vina uzito. Na hata leo, Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 12 kudai ardhi yake mahakamani. Ikipita umekaa kimya, aliyeingia anaweza kuomba hati iandikwe jina lake.

Kwa hiyo wewe uliyeondolewa kwa nguvu, haki yako ipo, lakini usinyamaze.

Mkulima wa Gulu

Naunga mkono. Sisi tulianza kurudi kutoka kambini baada ya mapigano kusimamishwa Agosti 2006. Hakuna aliyekuwa na hati, ardhi yetu ni ya mila. Mipaka tuliitafuta kwa makaburi ya mababu, miembe ya zamani na vichuguu. Kambini watoto walizaliwa wakakua hawajui shamba la babu liko upande gani, na wazee waliolijua wamekufa hukohuko. Jirani aliyewahi kurudi mwezi mmoja kabla yako anasogeza mpaka, halafu anakuambia ulitelekeza.

Kilichotusaidia ukoo wetu ni wazee watatu kukaa chini na kutembea mpaka wote kwa miguu, vijana wakiwa nyuma, kila mti unatajwa. Sasa tumeandika.

Hajjati wa Arua

Asalaam aleikum. Binti, mimi jambo langu si la vita. Mume wangu alivuka kwenda Sudan Kusini kwa biashara, na ni miaka mingi sasa. Mwanzoni alikuwa anatuma salamu na pesa kidogo, kisha kimya. Tulifunga nikaha. Shemeji zangu wanasema kaka yao amekufa na wanataka kuuza shamba tunalolima mimi na wanangu. Siku nyingine wanageuka, wanasema mimi ndiye niliyemtelekeza kaka yao kwa kuwa niliacha kumtafuta. Sijui mimi ni mke au mjane.

Binti Walukuba

Waaleikum salaam Hajjati, na Mungu akutie nguvu. Usikubali kubebeshwa kosa la mtu aliyekuacha wewe.

Tutenganishe mambo, maana shemeji zako wameyachanganya kwa faida yao.

Shamba kwanza, kwa sababu ndilo lina haraka. Sheria ya Ardhi inasema ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki yake haiuzwi, haiwekwi rehani wala kupangishwa bila ridhaa ya mume au mke. Hata mumeo angekuwepo angehitaji saini yako. Sembuse ndugu zake, ambao si yeye. Kama ardhi ina hati, nenda ofisi ya ardhi uweke kaveti, yaani zuio la kuuzwa kwa ardhi, kama mke. Kaveti ya mke juu ya ardhi ya familia haifi kama kaveti nyingine, inabaki maadamu haki yako ya kukaa pale ipo. Kama ni ardhi ya mila isiyo na hati, peleka taarifa ya maandishi kwa LC na kwa kamati ya ardhi ya eneo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

La pili, kama yu hai au amekufa. Shemeji hana mamlaka ya kumtangaza mtu kuwa marehemu. Sheria ya Ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, basi anayedai yu hai ndiye atakiwaye kuthibitisha. Pia kuna sheria ya 1973 ya kusimamia mali za watu waliopotea. Ukiangalia mwaka huo utajua ilizaliwa wakati gani, watu walikuwa wanachukuliwa kwenye buti za magari na hawarudi. Inamruhusu mwanafamilia kuomba mahakamani kusimamia mali ya aliyepotea. Ombi hilo unaweza kulipeleka wewe kama mke. Usiwaachie wao watangulie.

La tatu, ndoa. Nikaha na talaka za Kiislamu zinatambuliwa na sheria ya nchi tangu 1906. Nenda kwa masheikh wa wilaya ueleze habari ya nafaka, yaani matunzo ambayo mume anapaswa kumpa mkewe. Mwanamke aliyeachwa bila nafaka na bila habari ana mlango wa kuomba fasakhi, yaani ndoa ivunjwe, na hilo ni lao kulipima, sitawasemea. Nenda na shahidi wa nikaha kama yupo, na mtu anayejua lini pesa ziliacha kuja.

Mwalimu wa Mbale

Naomba niongeze kuhusu ndoa za kanisani na za serikali, kwani nimeona watu wengi wakidanganyana. Zamani sheria ya talaka, ya tangu 1904, ilimpa mume talaka kwa uzinzi wa mkewe tu, lakini mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na jambo jingine, kama ukatili au kutelekezwa miaka 2. Chama cha Mawakili Wanawake kilikwenda Mahakama ya Katiba na mwezi Machi 2004 ubaguzi huo ukafutwa. Sasa kutelekezwa miaka 2 bila sababu ya maana ni sababu inayojitosheleza, kwa mume na kwa mke.

Lakini swali langu ni hili, dada. Vipi kuhusu mwanaume ambaye hajaondoka? Yupo, analala palepale, anakula, ila hasemi na mke, hatoi ada, hatoi sabuni. Mke akichoka akarudi kwao, kijiji kizima kinasema mke ametelekeza ndoa, na upande wa mume wanadai ng'ombe zao.

Binti Walukuba

Mwalimu, nilikuwa nikisubiri mtu aliulize hilo.

Mahakama zinazofuata sheria ya aina yetu zimekubali tangu zamani kwamba anayemsukuma mwenzake nje kwa vitendo vyake ndiye aliyetelekeza, hata kama miguu iliyovuka kizingiti ni ya mwingine. Mwanamke aliyefungasha kwa sababu ya kipigo, njaa, au mke mwingine kuingizwa kitandani kwake, hakutelekeza ndoa. Ameondoka kwa sababu ya maana. Na mahakama haitazami nani alilala wapi tu, inatazama kama maisha ya ndoa yalikuwepo. Watu wawili wanaweza kuwa chini ya bati moja na mmoja ameshamtelekeza mwenzake.

Kuhusu ng'ombe: Agosti 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya MIFUMI, shirika la kutetea wanawake, iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya mila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa, kurudishwa kwake ndiko kulikofutwa. Nawaombeni mliseme hili kwenye vikao vya ukoo. Bado kuna mabinti wanarudishwa kwenye vipigo kwa sababu kaka zao waliooa kwa ng'ombe zilezile hawana za kurudisha.

Jambo jingine linaloumiza. Wengi wanaokuja kwangu wakisema "mume wangu amenitelekeza" hawana ndoa yoyote. Wameishi pamoja miaka 15, watoto watano, lakini hapakuwa na kanisa, nikaha, mila wala msajili. Sheria ya Uganda haigeuzi kuishi pamoja kuwa ndoa, hata mkizeeka pamoja. Mwanamke wa namna hiyo hawezi kudai talaka. Anachoweza kudai ni mchango wake katika mali akiwa na ushahidi, na matunzo ya watoto, ambayo hayategemei ndoa hata kidogo.

Mama Wawili, kutoka Busia, sasa Riyadh

Nasoma huku nikilia kidogo. Mimi nafanya kazi za ndani Saudia. Wanangu niliwaacha na mama yangu Busia, na kila mwezi natuma. Baba yao hakuwahi kutoa chochote tangu wa pili anazaliwa. Sasa amesikia nimejenga chumba, anapita kwa watu anasema nimetelekeza watoto na atawachukua kwa LC. Mwenye nyumba huku ana pasipoti yangu, siwezi kuja hata nikitaka. Je, nimewatelekeza wanangu?

Binti Walukuba

Hapana, mama. Nakujibu wazi mbele ya watu wote: hujawatelekeza.

Kosa la kutelekeza mtoto katika Sheria ya Makosa ya Jinai lina sehemu zake, na zote lazima ziwepo. Mzazi au mlezi wa mtoto aliye chini ya miaka 14, mwenye uwezo wa kumtunza, anamwacha kwa makusudi, bila sababu halali au ya maana, na anamwacha bila njia ya kuishi. Wewe umewaacha kwa bibi yao, kwa sababu ya riziki, na riziki unaituma. Na kunyang'anywa pasipoti maana yake ni kwamba hata kukaa kwako huko si hiari yako yote.

Kwa upande wa baba, Katiba inasema kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi wote wawili, na Sheria ya Watoto inaruhusu maombi ya matunzo dhidi ya baba wakati wowote kabla mtoto hajafika miaka 18, hata mimba ikiwa bado tumboni. LC hawezi kumpa watoto kwa mdomo. Shauri la nani akae na watoto linaamuliwa kwa kuangalia maslahi ya watoto wenyewe, na hilo ni la afisa wa probesheni na Mahakama ya Familia na Watoto.

Fanya hivi. Mwombe mama yako aende kwa afisa wa probesheni wa wilaya kabla yule baba hajafika, amweleze kwamba watoto wako kwake kwa ridhaa yako. Mtumie ujumbe wa sauti au barua yenye saini yako. Hifadhi kila ujumbe wa mobile money, usifute hata mmoja. Akijaribu kuwachukua kwa nguvu, mama apige Sauti 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Na tukiwa hapohapo kwa watoto, kuna wanaoachwa kweli. Vichanga wodini, mtoni, kwenye mashimo ya taka. Ni jinai, sikatai. Lakini nimekaa na wasichana wa namna hiyo. Mmoja alifukuzwa nyumbani akiwa na mimba ya miezi saba, aliyempa mimba alikana, na mwenye nyumba alimtoa. Wote hao waliomwacha wanaendelea na maisha yao, na anayesimama kizimbani ni yeye peke yake. Ukimwokota mtoto, usimfiche ukamlea kimyakimya kwa huruma. Mpeleke polisi, mjulishe LC na probesheni, kisha uombe kuwa mlezi kwa utaratibu. Ukimficha, unaweza kumfungia njia bibi ambaye anamtafuta.

Mwenye Mizigo wa Bugembe

Mimi ni mwenye nyumba za muzigo, yaani vyumba vya kupangisha. Mpangaji kafunga kufuli, miezi imepita, ndani kuna godoro na sufuria. Nivunje?

Binti Walukuba

Usivunje peke yako. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inafanya kuwa kosa kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na yeye akirudi kesho akidai alikuwa hospitali, neno lako litakuwa dhidi ya lake. Mpigie, wapigie aliokupa kama wadhamini, andika ilani uibandike mbele ya LC na majirani, kisha nenda mahakamani. Vitu vikitolewa kwa amri, viorodheshwe na visainiwe. Godoro lake usiuze kufidia kodi.

Kijana wa Kayunga

Naomba nami. Baba aliondoka nikiwa na miaka 8, hatujui aliko. Mama akafariki, nikachukuliwa na shangazi Iganga. Kibanja chetu kimekaa kichaka miaka yote. Sasa nina miaka 20. Mwenye kyapa anasema miaka 3 ilipita zamani, kibanja kimekufa. Nimechelewa?

Binti Walukuba

Hujachelewa mdogo wangu, lakini uko karibu. Kifungu kilekile kinasema kwamba mwenye haki ya kibanja akiwa chini ya miaka 18, ile miaka 3 haianzi kuhesabiwa mpaka afikishe 18. Kwako ilianza juzi tu ulipotimiza 18, na itaisha ukifika 21.

Nenda wiki hii. Pita kwa mwenyekiti wa LC kwanza, uandikishe kwamba umefika na wewe ni mtoto wa nani. Chukua wazee wawili wanaomkumbuka baba yako, wakuonyeshe mipaka, waandike majina yao na wasaini. Fyeka, panda chochote kinachoota haraka, piga picha. Peleka busuulu kwa mwenye kyapa mbele ya shahidi na udai risiti. Akikataa kupokea, usigombane naye, andika tarehe na kwamba amekataa, shahidi asaini, nakala kwa LC. Halafu nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze kwa wakili wa msaada aliye karibu nawe. Cheti cha kuzaliwa au kadi ya ubatizo unayo? Bila uthibitisho wa umri wako hoja yote inalegea, kwa hiyo anza na hicho.

Kijana wa Kayunga

Kadi ya ubatizo iko kwa shangazi. Naifuata kesho asubuhi.